Kofia ya Siku ya Kilo

Kofia ilikuwa nyeupe, ya kufuma kwa kroshe, na ukingo wake wa kijani ulikuwa na vimeno vidogo kama vya msumeno. Kamba zake mbili za kufungia chini ya kidevu zilikwisha kushika rangi ya udongo kwa kupita mikono mingi. Mama ndiye aliyeifuma, na mama ndiye aliyenipa kazi ya kuikimbiza. Siku ya kilo, mtoto akifika mezani na kuanza kuvuliwa nguo, mama yake aliichomoa ile kofia, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nami nikaipokea, nikazunguka mwembe, nikaipeleka kwa mama mwingine aliyekuwa bado mbali kwenye mlolongo. Huyo aliifunga upesi kichwani mwa mtoto wake, akaweka uso sawa, akasogea mbele kama mtu aliyetoka nayo nyumbani. Asubuhi moja niliihesabu. Ilipita vichwa vinne.

Ilikuwa Kabambare, katika Maniema, mashariki mwa Kongo, mwaka 1983, na mimi nilikuwa na miaka kumi. Kwetu hakuna aliyesema kliniki ya watoto. Tulisema kilo. "Kesho ni kilo," mama mmoja anamwambia jirani yake kisimani, na jirani anajua kwamba jioni ile kuna kufua, kuna kupaka mtoto mafuta, kuna kwenda kuazima. Mizani ilitundikwa kwenye tawi la mwembe, mizani ya uso wa duara kama saa, na kwenye ndoano yake ilining'inia kaptula ya turubai yenye matundu mawili ya miguu. Kila mtoto alivuliwa kila kitu, akatiwa ndani ya kaptula hiyo hiyo moja, akaning'inia analia, mshale unacheza huku na huku mpaka utulie. Muganga (ndivyo tulivyomwita kila anayefanya kazi pale, hata asiyekuwa daktari) anasoma, anatia nukta kwenye kadi, anaita mwingine.

Jambo hili nimelifikiria miaka mingi. Nguo zile zote, zilizofuliwa usiku na kukaushwa juu ya moto wa jikoni, zilivuliwa kabla ya mizani. Mizani haikuziona kamwe. Zilikuwa za safari fupi kutoka kwenye uzio mpaka mezani, hatua kama sitini, na katika hatua hizo sitini mama mzima alikuwa anasomwa.

Nayaweka hapa yaliyosomwa, maana niliyasikia yote nikipita na kofia mkononi. Kwanza kichwa. Mtoto asiye na kofia ni mtoto ambaye utosi wake uko wazi kwa upepo, na mama mwenye kuacha utosi wazi hana wakubwa waliomfunza. Halafu miguu: soksi, au walau vitambaa vilivyofungwa kama soksi. Halafu harufu. Mtoto aliyepakwa mawese alinukia nyumbani, aliyepakwa vazilini alinukia dukani, na pua za wanawake zilijua tofauti kabla mtoto hajafika karibu. Halafu kikwembe cha kumbebea, kama ni kimoja au viwili, kama ni waksi au ni kile kilichopauka mpaka maua yake hayajulikani tena. Na wanja kwenye nyusi kwa watoto wa Waislamu, kama umepakwa kwa mkono ulionyooka. Haya yalisomwa kimya kimya mpaka msomaji alipogeuka kwa mwenzake na kusema, "Ile mama haiko na wakubwa kwake?" Neno likitoka hivyo, lilikwisha kutoka. Jioni lilikuwa kwa mama mkwe, usiku lilikuwa kitandani, mume anamuuliza mkewe kwa nini anamwaibisha kwa watu.

Mume mwenyewe hakusomwa. Hilo nililiona hata kwa macho ya miaka kumi, ila sikuwa na maneno yake. Mtoto akiwa safi, ni wa baba: "Mtoto wa fulani amependeza." Mtoto akiwa na kamasi, ni wa mama.

Mama yangu alikuwa na cherehani ya Singer ya mkono, na kwa sababu hiyo nyumba yetu ilijaa vipande. Hakuna kitambaa kilichotupwa. Mabaki ya gauni yalikuwa nepi, mabaki ya nepi yalikuwa soksi, na uzi uliobaki kwenye gurudumu ulikwenda kwenye kroshe, aliyofunzwa na masista alipokuwa msichana. Wanawake walikuja jioni wakiwa wamefunika kitu chini ya kikwembe, mayai mawili au chumvi kwenye jani, wakasema, "Dada, kesho ni kilo." Mama aliwapa. Sikumbuki siku aliyomnyima aliyefika kuomba. Lakini kufika kuomba kulikuwa na njia yake. Ulihitaji mtu wa kukuleta, shangazi au jirani au mke mwenza wa dada yako, mtu wa kusimama mlangoni na kusema huyu ni wetu. Sheria hii haikutamkwa na mtu, na hakuna aliyeivunja.

Jicho hili la kusoma nguo lilitoka wapi? Koko wangu, mama mzaa mama, angesema limetoka njiani, na alimaanisha ile njia ya zamani kutoka Ujiji kupitia kwetu kwenda Kasongo na Nyangwe. Livingstone alikaa hapa miezi mingi mwaka 1870, akiuguza vidonda vya miguu, na katika maandishi yake mji anauita Bambarre. Alifika kwa njia iliyokuwa ya watu wa pwani, waliobeba shanga na ile nguo nyeupe isiyotiwa rangi iliyotoka viwandani Marekani, ambayo mpaka leo kwetu inaitwa amerikani. Shuka za amerikani zilikuwa fedha. Zilinunua chakula na pembe, na zilinunua watu. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alipokaa Kasongo, anayevaa kanzu aliitwa mungwana, na anayevaa gome la mti au raphia aliitwa mshenzi, hata kama shamba lake ndilo lililomlisha yule wa kanzu. Lugha yetu yenyewe imebaki na alama hiyo, inaitwa Kingwana, lugha ya waungwana. Mtu aliyetekwa jana, akivalishwa kanzu leo, aliweza kesho kumwita mjomba wake mshenzi. Majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Kasongo Aprili 1893, na ungwana wa kanzu ukapata mpinzani, ungwana wa suruali. Lakini jicho lilikuwa lile lile.

Koko alizaliwa wakati wa pamba. Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza za Kongo kulazimishwa kulima pamba, kuanzia mwaka 1917, na aliyelegea alikutana na faini, jela au kiboko. Koko alipalilia pamba akiwa msichana, akaichuma akiwa na mimba, akaibeba kichwani mpaka sokoni ambapo bei ilikuwa imekwisha kupangwa na mnunuzi. Aliniambia mara nyingi, akishika kidole changu kama anahesabu: kikapu hiki, na hiki, na hiki, na kurudi nyumbani na kipande cha amerikani kisichotosha kumfunika mtoto na mama yake kwa pamoja. Monita, msimamizi wa pamba, alipopita kijijini na kuona watoto uchi, aliwaambia mama zao kwamba wao ni wachafu. Koko alilisimulia hilo kwa sauti ya chini kabisa. Alikuwa ameilima nguo, akaambiwa hana nguo.

Halafu zilikuja zawadi. Sehemu nyingi za Kongo ya Wabelgiji, mama aliyemleta mtoto kupimwa alipewa sabuni, chumvi, au vinguo vya mtoto. Wabelgiji walitaka watoto waishi, na wengi waliishi kwa sababu hiyo, na mimi sitaki kulidharau. Lakini nguo ya mtoto ikawa cheti. Aliyekuwa nayo alikuwa ametii, asiyekuwa nayo alikuwa na jambo la kueleza. Kwa wakubwa pia vilikuwako vyeti: mwaka 1948 ilianzishwa kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 ikaja ile daraja ya juu zaidi, na Mwafrika aliyeiomba alitembelewa nyumbani kwake na wakaguzi wakaangalie anavyokula, anavyolala, mke wake anavyotunza nyumba na watoto. Najaribu kumwona mama mmoja wa enzi ile, amemvika mtoto soksi saa sita mchana, anasubiri wageni waje kuamua kama mume wake ni mtu. Mobutu naye alipokuja alitunyang'anya tai na majina ya ubatizo, akasema nguo yetu halisi ni ile aliyoichagua yeye. Kila mkubwa aliyetutawala aliingia kwetu kwa mlango wa nguo. Basi wanawake chini ya mwembe wetu hawakuwa wamebuni kitu. Walikuwa wamefunzwa miaka mia moja na zaidi.

Mwaka ule wa 1983 kilikuwapo kitu kipya, nacho ni dhahabu. Novemba 1982 serikali ilikuwa imewaruhusu raia wachimbe na kuuza wenyewe, na vijana wa Kabambare waliweka majembe chini wakaenda Namoya na mito ya upande ule. Baadhi yao walirudi na redio, saa na mashati yaliyotoka Bujumbura kupitia Uvira. Kwa watoto waliletwa vitu ambavyo macho yetu hayajaviona: kofia za sufu zenye kishungi, suti za kuunganika kutoka shingoni mpaka vidoleni, viatu vya mtoto asiyejua hata kukaa. Sufu, Kabambare! Niliona watoto wametota jasho, vipele vya joto vimewajaa shingoni kama ulezi uliomwagika, na mama zao hawathubutu kufungua kifungo mpaka wafike mezani. Nilimwona mmoja anampepea mtoto wake kwa kadi ya kilo, machozi yanamlengalenga. Nguo ililetwa na baba kutoka Namoya. Kuivua mbele za watu ingekuwa kumvua baba.

Halafu Septemba ya mwaka ule ule zaire, fedha yetu, ikashushwa thamani zaidi ya robo tatu kwa siku moja, na sabuni, uzi na vitambaa vikapanda mpaka mama akaanza kukata uzi kwa meno karibu kabisa na fundo asipoteze hata unyoya. Wachimbaji waliokuwa na dhahabu hawakuumia sana. Walioumia ni wale waliokuwa na noti. Ndiyo maana kofia moja ilipita vichwa vinne. Mwaka uliotangulia zilikuwa tatu, kofia tatu nyumbani kwetu za kuazimisha. Moja iliibwa, moja iliuzwa siku ambayo hatukuwa na chumvi.

Mama mmoja alikuja kilo ya Novemba. Simtaji jina, na kweli wakati ule sikulijua. Watu walimwita mke wa yule aliyekwenda Namoya, na wa namna hiyo walikuwa wengi. Alikuwa Mbembe, ameolewa kutoka upande wa Fizi, Kiswahili chake kina mwendo mwingine kidogo. Mume wake alikuwa hajarudi tangu kiangazi. Alisimama kando, karibu na uzio, juani. Mtoto alikuwa kwenye nyonga, wa kiume, mkubwa kwa umri wake, na mwilini alikuwa na kikamba cha kiunoni tu: uzi mweusi uliosokotwa, shanga tatu nyeupe, na senti ya Wabelgiji yenye tundu katikati. Kitambaa kimoja kilikuwa begani mwa mama. Kichwa cha mtoto kilikuwa wazi, kinang'aa.

Maneno yalianza kabla hajasimama vizuri. "Mtoto kama wa nyuma ya Luama." "Amemleta kumwogesha?" Mwanamke mmoja, ambaye mtoto wake alikuwa amevaa ukingo wetu wa kijani dakika chache tu zilizopita, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba wengine wanazaa kama wanaokota.

Mimi nilikuwa na kofia mkononi. Nilikuwa nimeipokea mezani na kuzunguka mwembe, na njia yangu ilipita karibu naye kabisa. Aliniangalia. Hakuiangalia kofia haraka haraka kama wanavyofanya watu wenye haya, aliniangalia mimi, machoni, kisha akaangalia nyuma yangu, kisha akaniangalia tena. Midomo yake ilifunguka kidogo. Nilijua anachotaka. Na nilijua kwamba hakuna mtu aliyemleta kwa mama yangu jioni, hakuna aliyesimama mlangoni kwetu kusema huyu ni wetu. Nikashika kofia kwa nguvu, nikampita, nikaipeleka kwa mama aliyekuwa ameahidiwa. Mtoto wake alikuwa na kofia nyingine, ya zamani kidogo; alimvua, akaitia kikapuni ili amvike hii.

Alipoitwa mezani, yule mama wa Fizi hakuwa na cha kumvua mtoto. Muganga aliuliza, bila kumtazama, "Huyu ni mtoto wa nani?" Halafu akaona kikamba. Akachukua mkasi wa kukatia bandeji, akakikata, akakiweka mezani kando ya wino, akasema mambo ya ushirikina hayapimwi hapa. Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana nalikumbuka vizuri zaidi: alisema kama mtu anayefuta meza. Mtoto akaingizwa ndani ya kaptula ya turubai, kaptula ya watoto wote, na mshale ukaenda. Nilikuwa nimesimama upande wa kuona. Uliwapita watoto wote wa asubuhi ile wa rika lake, ukapita kilo saba, ukapita saba na nusu, ukatulia karibu na nane, na mtoto alikuwa hajatimiza miezi sita. Muganga akatia nukta. Hakusema neno, na mlolongo haukusema neno.

Sisemi kwamba nguo nzuri humkondesha mtoto. Walikuwapo waliovaa vizuri na kunenepa vizuri, na walikuwapo uchi waliokonda, na wengine wa hao nilihudhuria misiba yao. Magharibi mwa kwetu, mjini Kasongo, tangu mwanzo wa miaka ya 1970 madaktari wa chuo cha tiba za nchi za joto cha Antwerp walikuwa wanafanya kazi pamoja na wauguzi wa Kizaire. Waliwachanja watoto surua, wakawafuata waone wangapi wanaishi, na mwaka 1981 jarida la The Lancet likachapisha waliyoyaona. Miaka hiyo hiyo waliuliza pia kama uzito na kimo cha mtoto vinaweza kukuambia ni yupi aliye karibu na kifo. Niliyasoma hayo nikiwa mtu mzima, nikaweka kitabu chini. Watu wenye mizani, wenye madaftari, wenye subira ya miaka, walikuwa bado wanauliza. Sisi chini ya mwembe tulikuwa tumekwisha kujibu, kwa kuangalia kichwa kama kina kofia.

Nyumbani nilimsimulia koko kwanza, habari ya kikamba. Aliacha kupepeta. Akaniita karibu, akafungua kikwembe chake kidogo upande wa kiuno, akanionyesha shanga zake mwenyewe, za uzee, zilizolegea.

"Hii ndiyo kilo yetu," alisema. "Mtoto anafungwa siku kitovu kinapoanguka. Ikibana, unafungua fundo, unaongeza uzi, unashukuru Mungu. Ikilegea, hauhitaji mtu wa kukuambia. Mkono wako unajua usiku, ukimgeuza."

"Na senti?"

"Senti inafanya ile shanga isimkwaruze. Na inapendeza."

Akaendelea kupepeta. Baada ya muda akauliza ni mafundo mangapi yalikuwa kwenye uzi ule uliokatwa. Nilikuwa nimeyaona, kwa sababu uzi ulibaki mezani muda mrefu: yalikuwa matano. Koko akasema basi yule mama anajua kulea.

Kwa mama yangu nilisimulia sehemu nyingine, ile ya kofia. Sikutaka, lakini usiku ulipoingia nilishindwa kulala. Mama alikuwa anakunja nguo za watu. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama yule mwanamke alisema kitu, nikasema hapana, alifungua midomo. Mama akakaa kimya. Halafu akatoa uzi mweupe, ule aliokuwa ameuficha kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa dada yake, akaanza. Alifuma usiku ule na usiku uliofuata, kwa mwanga wa kibatari, akikisogeza karibu na kidole mpaka ukucha ukawa mweusi wa moshi. Ukingo aliuweka wa kijani, sawasawa na ile nyingine. Asubuhi ya siku ya tatu aliniambia, "Wewe ndiwe uliyempita. Wewe ndiwe utakayekwenda."

Nyumba yake ilikuwa mwisho wa mtaa, mahali ambapo mihogo inaanza. Nilimkuta anatwanga sombe kwenye kinu, mtoto amelazwa juu ya mkeka chini ya mpapai, uchi, anajipiga tumbo kwa furaha. Kiunoni alikuwa na uzi mpya. Shanga zilikuwa tatu tena, ila mahali pa senti palikuwa na kifungo cha shati.

Nilisalimia, nikapiga magoti kidogo kama nilivyofunzwa, nikampa kofia kwa mikono miwili. "Mama anakusalimu. Anasema ni ya mtoto."

Alifuta mikono kwenye kikwembe kabla ya kuipokea. Aliigeuza, akaangalia mshono wa ndani, akapitisha kidole kwenye vimeno vya kijani, kimoja kimoja, na uso wake ukafunguka. Alisema mama yako ana mkono. Akamnyanyua mtoto, akamvika, tukamtazama sote wawili. Akamvua pale pale, akampangusa utosi kwa kiganja.

"Huyu ana joto," alisema. "Tangu azaliwe ni wa joto, kama baba yake. Nikimfunika analia mpaka anatapika. Mwambie mama nimeshukuru sana."

Nilisimama pale, sijui niseme nini. Nikasema nilichokuja nacho, kwamba siku ya kilo nilimwona ananiangalia, na kwamba nilijua anataka kofia, na kwamba sikumpa, na kwamba naomba radhi. Niliyasema yote kwa pumzi moja, nikiangalia chini.

Aliacha mchi wima ndani ya kinu.

"Kofia? Mtoto wangu, mimi nilikuwa natafuta kivuli. Ulikuwa umetoka mezani, nyuma yako palikuwa na nafasi kwenye shina la mwembe. Nilitaka kukuuliza kama pale pana mwenyewe. Nikaona wale mama wamepanga vikapu vyao, nikaogopa."

Nilikumbuka vile vikapu. Vilikuwa vimekaa kivulini, kwa mpangilio, kila kimoja na nguo za kubadilisha ndani, na watu walisimama kuvizunguka ili visikanyagwe.

Nilirudi nyumbani kwa miguu mizito, nikamwambia mama neno kwa neno. Alisikiliza akiwa na pini mdomoni. Hakusema kitu siku ile.

Kilo iliyofuata ilikuwa Desemba, baada ya mvua kubwa, na jua lilikuwa la kuchoma. Mama alifunga cherehani, akaja nasi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Alipofika chini ya mwembe, aliinua vikapu viwili vya watu, akavisogeza juani, akatandika mkeka wake mahali pake, akakaa, akaacha nusu ya mkeka wazi. Wenye vikapu walimtazama. Alikuwa ndiye fundi wao. Hakuna aliyesema neno.

Yule mama alikuja amechelewa, mtoto kwenye nyonga, kichwa wazi, kikamba kiunoni. Kofia alikuwa nayo. Aliishika mkononi kwa kamba zake mbili zilizofungwa pamoja, kama mfuko. Mama akapiga mkeka kwa kiganja. Akakaa, akampakata mtoto, akafungua kamba za kofia, akatoa ndani yake kadi ya kilo, kavu, haina hata mkunjo, akaiweka juu ya goti kusubiri zamu.

Wanawake wengine walikuwa wameshika kadi zao mikononi, zimelowa jasho na mvua ya njiani. Kabla zamu yetu haijafika, wawili walikuwa wamekwisha kumwuliza mama kama anaweza kuwafumia ya namna ile.